Kilo Zinapotoka, Sukari Inakwenda Wapi?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa watu wanaoishi na kisukari, ndugu zao na wahudumu wa afya. Nimeiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani haimo. Palipohitaji mchoro nimeeleza kwa maneno.

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, vijana, wauguzi na madaktari wenzangu, habari za asubuhi.

Niseme kwanza mimi ni nani, msije mkadhani nimeletwa kuuza kitu. Mimi si daktari wa kupasua. Sijawahi kumkata mtu tumbo na sitarajii kuanzia uzeeni. Kazi yangu ni kliniki ya kisukari: kupima, kuandika dozi, kusikiliza, na kugombana kidogo na wale wanaoficha daftari la sukari. Mnajijua! Basi kuna swali linalonifuata kila mahali, kliniki, harusini, msibani, hata kwenye simu saa tano za usiku. "Daktari, nikifanyiwa ule upasuaji wa kupunguza unene, kisukari kitaondoka?"

Siku hizi najibu hivi: huenda kikatulia, kwa miaka, bila dawa hata moja. Lakini kutulia kwake kunategemea sana mambo mawili. Umepoteza kilo ngapi, na umekaa na kisukari miaka mingapi kabla ya kuzipoteza. Kilo na miaka. Mengine mkiyasahau sitawalaumu.

Ninazungumzia kisukari aina ya 2, ambapo mwili bado unatengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ila haitoshi au haisikiki vizuri. Mwenye aina ya 1, kinga ya mwili wake imeziharibu seli zinazotengeneza insulini. Upasuaji unaweza kumpunguzia uzito na pengine dozi, lakini insulini ataendelea kuihitaji. Asidanganywe na mtu.

Upasuaji wenyewe ni upi? Unaofanywa zaidi leo ni wa aina mbili. Katika aina moja, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, robo tatu au hata zaidi, hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba. Chakula kinapita njia ile ile, ila nafasi imekuwa ndogo. Aina nyingine ni baipasi. Hapo daktari anatengeneza kifuko kidogo juu kabisa ya tumbo, cha kuingia vijiko viwili vikubwa vya maji, kisha anakiunganisha na utumbo mwembamba chini zaidi. Chakula kinaruka sehemu yote ya tumbo iliyobaki, na kinaruka mwanzo wa utumbo pia. Lile tumbo halitolewi. Liko ndani, linaendelea kutoa majimaji yake, ila chakula hakipiti tena humo. Zamani ulifanywa sana pia upasuaji wa tatu, wa kuvisha mpira unaobana juu ya tumbo bila kukata wala kuchepusha kitu. Huo umepungua, lakini nitaurudia, maana ulitufundisha jambo.

Sasa niwape kisa.

Baipasi ilianza miaka ya 1960 katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mikononi mwa daktari Edward Mason. Lengo lilikuwa uzito, basi. Hakuna aliyekuwa akiwinda kisukari. Miaka ikapita, na daktari mwingine wa upasuaji, Walter Pories, aliyekuwa Greenville, North Carolina, akawa anawafuatilia watu aliowafanyia yeye na wenzake. Mwaka 1995 wakatoa hesabu. Watu 608 walikuwa wamepasuliwa. Kati yao, 146 walikuwa na kisukari. Na kati ya hao 146, watu 121 sukari yao ilikuwa imerudi kawaida. Hiyo ni 83 katika kila 100! Kichwa cha makala yao kilianza kwa kuuliza, nani angelidhani? Na kweli, nani angelidhani? Sisi tuliofundishwa chuoni kwamba kisukari ni ugonjwa wa kwenda mbele tu, leo kidonge kimoja, kesho viwili, kesho kutwa sindano, tulisoma makala ile mara mbili mbili.

Lakini lililowasumbua watu vichwa halikuwa wingi wa waliopata nafuu. Ilikuwa kasi yake.

Nendeni wodini, asubuhi ya siku ya pili baada ya baipasi. Mgonjwa ameketi kitandani, amenywa maji kwa vifunda, funda moja, anasubiri, funda jingine. Muuguzi anakuja na mashine ya sukari, anamchoma kidole, anatazama namba, anakichoma upya kwa sababu haamini. Huyu ni mtu aliyekuwa akijichoma insulini asubuhi na jioni. Dozi inapunguzwa nusu. Kesho yake inapunguzwa tena. Wapo wanaoruhusiwa kwenda nyumbani bila insulini kabisa, na wapo tunaowaambia waviache kabisa vile vidonge vinavyolikamua kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, liitoe, kwa sababu wakivimeza kwa dozi ya zamani sukari itashuka mpaka wazimie. Wauguzi mlioko hapa mnalijua hili: hatari ya wiki ya kwanza mara nyingi ni sukari kushuka.

Na kilo? Kilo bado zipo! Mkanda wa suruali uko kwenye tundu lile lile. Sasa niambieni, kama kilo hazijatoka, sukari imeshushwa na nini?

Swali hilo limewagawa wataalamu kwa zaidi ya miaka ishirini. Wengine wakasema ni njaa. Wengine wakasema ni utumbo.

Niwape upande wa njaa. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yaliuzingira mji wa Paris, mpaka mwanzoni mwa 1871. Chakula kikawa adimu, watu wakakonda. Mjini humo alikuwamo daktari Apollinaire Bouchardat, aliyekuwa akitibu wagonjwa wa kisukari. Akaona jambo la ajabu: katika ile dhiki, sukari ilikuwa ikitoweka kwenye mkojo wa wagonjwa wake. Vita viliwatibu? Hapana. Walikosa chakula. Bouchardat akaanza kuwahimiza wagonjwa wake wale kidogo, na hiyo ilikuwa nusu karne kabla ya insulini kupatikana.

Sasa ruka mpaka Newcastle, Uingereza, mwaka 2011. Profesa Roy Taylor na wenzake walijiuliza: ikiwa mtu aliyefanyiwa baipasi hali karibu chochote siku za mwanzo, tukimpa mtu mwingine njaa ile ile bila kisu, itakuwaje? Wakachukua watu 11 wenye kisukari cha miaka michache, wakawalisha kalori 600 hivi kwa siku, wiki nane. Siku saba tu, ndugu zangu, siku saba, sukari yao ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa sawa na ya watu wasio na kisukari. Mafuta kwenye ini yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi. Kufikia wiki ya nane, mafuta ya kwenye kongosho nayo yalikuwa yamepungua, na kongosho likaanza tena kutoa insulini upesi baada ya sukari kuingia, jambo ambalo mwenye kisukari aina ya 2 hulipoteza mapema.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwili una mahali pake pa kuwekea mafuta, chini ya ngozi. Kila mtu na mtungi wake. Wa huyu mkubwa, wa yule mdogo. Mtungi ukijaa, mafuta yanamwagikia pasipo mahali pake: yanaingia ndani ya ini, kisha ndani ya kongosho. Ini lililojaa mafuta haliisikii insulini, linaendelea kumimina sukari kwenye damu usiku kucha. Ndiyo maana unalala na sukari nzuri unaamka nayo juu, ukamlaumu mkeo kwa chakula cha jioni. Kongosho nalo likilowa mafuta, seli zake zinachoka kutoa insulini. Na ndiyo maana yupo mtu mnene sana asiye na kisukari, na yupo wa wastani tu anacho.

Unapoacha kula, mwili hauanzii kwenye paja. Ini linatoa mafuta yake mapema, ndani ya siku chache. Mizani haijaona kitu, lakini ini limeshaona. Kwa hiyo ile asubuhi ya siku ya pili wodini, sehemu kubwa ya maelezo ni hiyo: mtu hali chakula, na ini linapumua.

Lakini msihame upande haraka. Wa utumbo nao wana hoja, na hoja yao ina panya.

Mwaka 2004, daktari Francesco Rubino na mwenzake walichukua panya wa aina ambayo hupata kisukari bila kunenepa. Panya wembamba. Wakawapasua, wakachepusha chakula kisipite mwanzo wa utumbo mwembamba, wakaacha tumbo lote kama lilivyo. Panya walikula kama wenzao, uzito wao haukutofautiana na wa wenzao, na sukari yao ikawa bora. Hapo huwezi kusema ni kilo. Kuna kitu kwenye utumbo wenyewe.

Kitu gani? Sehemu ya chini ya utumbo ina seli zinazotoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii inalisukuma kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, na inauambia ubongo kwamba umeshiba. Baada ya baipasi chakula kinafika huko chini upesi, na GLP-1 inapanda sana baada ya mlo. Upasuaji ule wa kutoa sehemu ya tumbo nao unaondoa pale panapotoka homoni nyingi ya njaa, ghrelini. Kwa hiyo wanaosema utumbo ni kiungo cha homoni hawakukosea hata kidogo.

Nani alishinda? Mwaka 2020 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, liliamua kuwapambanisha uso kwa uso. Walichukua watu 22 wenye unene na kisukari. Kumi na mmoja wakafanyiwa baipasi, kumi na mmoja wakapunguza uzito kwa chakula peke yake. Werevu wao ulikuwa hapa: hawakupima baada ya miezi fulani. Walisubiri mpaka kila mtu apoteze kiasi kile kile, karibu asilimia 18 ya uzito wake. Ndipo wakapima. Wakapima ini linavyoisikia insulini. Wakapima misuli. Wakapima kongosho. Wakapima sukari saa 24 mfululizo. Kundi la kisu na kundi la sahani, matokeo sawa. Sawa! Homoni za utumbo zilitofautiana, lakini faida kwenye sukari haikutofautiana. Kilo zikisawazishwa, kisu hakikuwa na la ziada.

Na hapa narudi kwenye ule mpira wa kubana tumbo. Mpira hauchepushi chakula. Hauna uchawi wowote wa homoni za utumbo. Mwaka 2008 huko Australia watu 60 waliokuwa na kisukari kisichozidi miaka miwili waligawanywa: nusu mpira, nusu matibabu ya kawaida na ushauri wa chakula. Baada ya miaka miwili, asilimia 73 ya wenye mpira kisukari kilikuwa kimetulia, na asilimia 13 ya wale wengine. Wenye mpira walikuwa wamepoteza karibu asilimia 21 ya uzito. Wenzao, chini ya asilimia 2. Hakuna mchepuko, hakuna panya. Kilo.

Mimi naona hivi. Kilo ndizo zinazotuliza kisukari, na homoni ndizo zinazozitoa kilo na kuzizuia zisirudi. Mtu anayepunguza chakula kwa nia tu anapigana na njaa kila siku, na njaa haichoki. Aliyefanyiwa baipasi, njaa yenyewe imepunguzwa makali. Katika mwaka mmoja au miwili anapoteza robo ya uzito wake, wengine zaidi. Wangapi hapa wamewahi kupoteza robo ya uzito kwa kujinyima, wakakaa nayo miaka mitano? Sioni mikono. Na sioni haya kusema kwamba hata mkono wangu mwenyewe siuoni.

Ila nisiwafungie mjadala ambao wenyewe hawajaufunga. Huko Roma, Profesa Geltrude Mingrone na wenzake waligawa watu 60 katika makundi matatu: baipasi, upasuaji mkali zaidi unaochepusha sehemu kubwa ya utumbo, na dawa. Baada ya miaka miwili, waliotulia walikuwa asilimia 75, asilimia 95, na kwenye dawa hakuna hata mmoja. Baada ya miaka mitano, asilimia 37 ya baipasi na 63 ya ule mkali. Baada ya miaka kumi, 25 na 50. Makundi mawili ya kisu yalipungua uzito karibu sawa, lakini ule wa kuchepusha sana ulishikilia kisukari vizuri zaidi. Anayewaambia ni kilo peke yake, mwulizeni kuhusu Roma. Ila upasuaji ule una gharama zake mwilini: vyakula na vitamini havinyonywi ipasavyo, kwa hiyo haufanywi sana.

Kilo ngapi, basi? Jibu zuri kuliko yote linatoka kwa watu ambao hawakupasuliwa. Utafiti uitwao DiRECT, uliofanyika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, uliwapa watu chakula cha kalori chache kupitia kliniki za kawaida. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu, asilimia 46, kisukari kilikuwa kimetulia. Lakini tazameni waliotulia ni wangapi, kwa kilo walizopoteza. Waliopoteza chini ya kilo 5, asilimia 7 tu. Kilo 5 hadi 10, asilimia 34. Kilo 10 hadi 15, asilimia 57. Kilo 15 na kuendelea, asilimia 86. Mnaiona ngazi? Kilo tatu ni nzuri kwa magoti na kwa presha, siwakatishi tamaa, lakini msizidai miujiza. Na upasuaji una nguvu kwa sababu unampandisha mtu ile ngazi yote bila kusimama njiani.

Sasa miaka.

Wale wa DiRECT, hakuna aliyekuwa na kisukari zaidi ya miaka sita, na hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Haikuwa bahati mbaya. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zikikandamizwa muda mrefu zinasahau kazi yake, na nyingine zinakufa. Mafuta unaweza kuyatoa. Seli iliyokufa huifufui.

Chukueni watu wawili, ndugu wa tumbo moja. Mdogo ana kisukari miaka miwili, yuko kwenye metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari. Mkubwa ana miaka kumi na tano, yuko kwenye insulini mara mbili kwa siku na vidonge juu yake. Wote wawili wanapasuliwa wiki moja, na wote wanapoteza kilo 35. Mdogo, nafasi yake ya kuacha dawa zote ni kubwa sana. Mkubwa, pengine atapunguza insulini kwa nusu, pengine ataiacha na kubaki na vidonge, lakini kuacha vyote ni bahati ya wachache. Kilo zile zile, miaka tofauti. Madaktari wana hata kipimo cha alama, DiaRem, cha kukisia nafasi ya mgonjwa kabla ya kupasuliwa: kinaangalia umri, kiwango cha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari, nitakieleza), dawa anazotumia, na kama anatumia insulini. Insulini ndiyo inayobeba alama nyingi kuliko zote, na alama nyingi hapo ni habari mbaya.

Kwa hiyo nina ugomvi na desturi moja yetu sisi madaktari, na nitausema mbele yenu. Tunauweka upasuaji mwisho wa foleni. Tunajaribu hiki, tunajaribu kile, tunaongeza insulini, uzito unapanda kwa sababu ya hiyo hiyo insulini, na siku tunapokuja kusema "labda sasa upasuaji" kongosho limeshafunga duka. Mwaka 2016 miongozo iliyoungwa mkono na vyama 45 vya kitaalamu duniani ilisema wazi kwamba upasuaji huu uwe sehemu ya matibabu ya kisukari: upendekezwe kwa mwenye BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya 40 na zaidi, na kwa mwenye 35 hadi 39 ambaye sukari imekataa kudhibitiwa, na ufikiriwe hata kwa mwenye 30 hadi 34 sukari ikigoma. Kwa watu wenye asili ya Asia, viwango hivyo vinashushwa. Kufikiriwa si kulazimishwa. Lakini wangapi kati yenu mna BMI ya 37 na sukari inayogoma, na hakuna aliyewahi hata kulitaja neno hilo mbele yenu?

Naona vichwa vinatikisika.

Nirudi kwenye kutulia. Kisukari kikitulia, maana yake nini? Wataalamu walikubaliana mwaka 2021: HbA1c iwe chini ya asilimia 6.5, angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari. HbA1c ni kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kile ambacho huwezi kukidanganya kwa kufunga siku mbili kabla ya kliniki. Hawakusema kupona. Na hawakusema kwa sababu.

Sweden wamewafuatilia watu waliopasuliwa tangu mwaka 1987. Kati ya waliokuwa na kisukari, asilimia 72 walikuwa wametulia baada ya miaka miwili. Baada ya miaka kumi, asilimia 36. Miaka kumi na tano, asilimia 30. Wenzao ambao hawakupasuliwa, baada ya miaka hiyo kumi na tano, walikuwa asilimia 6 na ushee. Zisomeni namba hizo pande zote mbili. Anayeuza upasuaji atawaonyesha 72. Anayeuchukia atawaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliotulia walirudi. Wote wawili wanasema kweli.

Kisukari kinarudi kwa nini? Mara nyingi kilo zimerudi, hata chache. Na mara nyingine kilo hazijarudi, ila kongosho lilikuwa limebakiza kidogo na umri umelimalizia.

Yupo mgonjwa wangu mmoja, simtaji, aliyepoteza uzito mwingi sana baada ya baipasi, akaacha dawa zote, familia ikafanya sherehe ya shukrani. Nami nilialikwa, nikala. Baada ya sherehe hakurudi kliniki. Kwa nini arudi? Amepona! Miaka ikapita, siku moja akaja kwa sababu anaona ukungu kwenye jicho moja. HbA1c ilikuwa 9. Haikupanda siku hiyo. Ilikuwa imepanda kimya kimya, miaka, na kilo zilizorudi hazikufika hata kumi na mbili. Aliyetulia anapimwa HbA1c kila mwaka angalau, anapimwa macho, figo na miguu, kama kawaida, maisha yake yote. Na macho yaangaliwe hata kabla ya upasuaji, maana sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishuka ghafla inaweza kuyachafua zaidi kwa muda.

Mtaniuliza, kama kinarudi, si bora kuacha tu? Hapana. Wale wa Sweden waliopasuliwa walipata madhara ya mishipa midogo, ya macho, figo na neva, machache kuliko wenzao. Miaka kumi ya sukari nzuri inabaki kuwa faida hata kama mwaka wa kumi na moja utaanza tena kidonge.

Kuhusu madhara nitakwenda haraka, kwa sababu daktari wa upasuaji atawaeleza vizuri zaidi yangu. Kufa kwa upasuaji huu kwenye vituo vyenye uzoefu ni nadra, chini sana ya mtu mmoja katika kila mia, lakini nadra haimaanishi hakuna. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha: chuma, B12, kalsiamu, vitamini D. Anayetapika siku nyingi asikae nyumbani, ataishiwa vitamini B1 na itamharibu neva. Aliyefanyiwa baipasi akila vitu vitamu anaweza kutokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, tumbo likamkata; na baadhi, baada ya mwaka au zaidi, sukari huwashuka saa moja au mbili baada ya kula. Pombe inapanda kichwani upesi kuliko zamani. Kina dada, uwezo wa kushika mimba huongezeka uzito ukishuka, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kukosa nguvu baada ya baipasi. Tafuteni njia nyingine, na msubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya ujauzito. Hili nalirudia kwa sababu husahaulika: mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Najua swali linalokuja, acheni nilijibu kabla halijaulizwa. Na zile sindano za kupunguza uzito? Semaglutidi, tirzepatidi? Ni dawa nzuri, zinaiga homoni zile zile za utumbo nilizozitaja. Kwa wengi zinapandisha sehemu kubwa ya ile ngazi ya kilo, na kwa baadhi zinafika juu. Lakini katika utafiti mmoja mkubwa wa semaglutidi, waliosimamisha sindano walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayeichagua ajue anachagua kuendelea nayo. Na kanuni ya miaka haibadiliki: sindano, kisu au sahani, vyote vinalikuta kongosho lile lile, katika hali uliyolifikisha.

Mkienda kwa daktari wenu, muulizeni mambo haya. Kongosho langu limebakiza insulini kiasi gani? Kipo kipimo cha damu, C-peptidi, kinachosaidia kujibu. Nafasi yangu ya kutulia ni ipi, kwa miaka niliyokaa nacho na dawa ninazotumia? Nani atanipunguzia dozi wiki ile ya kwanza, na nikimpigia usiku atapokea? Nani atanifuatilia mwaka wa tano? Akikujibu maswali matatu ya kwanza vizuri, halafu kwenye la nne akababaika, tafuta kwingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na ana haki. Nasimama hapa, karibuni maswali. Yule mama wa safu ya pili ameinua mkono tangu niliposema vidonge vya uzazi, tuanze naye.